Shikamoo Kwenye Laini ya Wauzaji

Wanangu, mkiniona kanisani nimekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, msidhani ni magoti. Ni woga. Niliupata kazini, na kazi nimeshastaafu, lakini woga wenyewe haujastaafu. Nawaeleza leo umetoka wapi kwa sababu nyinyi mliomaliza vyuo na bado mnahangaika na kazi za mkataba, nawasikia mkiongea baada ya ibada. Mnasema hela iko mtandaoni, mtu anaegesha simu kwenye kabati, anajipiga picha zake za faragha, wanaume wa mbali wanalipa, nani atajua? Mnacheka. Mimi naweka kikombe changu cha chai chini.

Miaka yangu ya mwisho ya kazi hapa Toronto niliipitisha nikipokea simu. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia, haina bango mlangoni. Tulikuwa tunakusanya malipo ya kadi kwa niaba ya mitandao inayouza video na picha za ngono. Picha zenyewe hatukuwa nazo. Tulikuwa na meza, hedifoni na mashine ya kahawa iliyokuwa inatoa maji ya kijivu. Kanisani walijua nafanya kazi ya malipo, na mimi sikuwasahihisha walipoanza kuniuliza habari za mikopo ya nyumba.

Siku za kwanza nilicheka sana, sifichi. Kwenye taarifa ya benki ya mteja lilikuwa linatokea jina la kampuni yetu, jina la upole kabisa, ungedhani tunauza maua. Basi wake za watu wanapiga. "Maua gani haya? Mbona mimi sijaletewa maua?" Nami natakiwa nijibu kwa sauti ya asali kwamba samahani mama, naruhusiwa kuongea na mwenye kadi peke yake. Kwa nyuma namsikia mwenye kadi anakohoa. Mama mmoja alinishikilia kwenye simu mpaka nikamhurumia mumewe, maana alikuwa ameshaanza kumuuliza rangi ya hayo maua.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Jojo, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye kuvaa tai hata siku za joto. Yeye alianzia kwenye ghala, enzi za kanda na baadaye diski, alikuwa anapakia makasha kwenye malori. Aliiona biashara ile ikinyong'onyea mbele ya macho yake, na alipenda kunisimulia huku anakula.

"Mama Foibe, écoute, sikiliza," aliniambia. "Zamani film moja ilikuwa inalisha bantu mingi. Mwenye kamera, mwenye kupaka makiyaje, shofere, mpaka mama wa kupika. Kisha wakakuja hawa ba internet. Mutu ananunua film moja, anaiweka kule, dunia yote inaangalia bure. Bure, mama! Sasa utauza nini?"

Nilimwuliza, kama ni bure, mwenye mtandao anakula wapi? Akanicheka. Anakula kwenye matangazo. Kila anayefungua kuangalia anahesabiwa, na anayelipwa ni mwenye mtandao, si yule aliye kwenye picha. Maduka yalifungwa, wenye kampuni za filamu wakapunguza watu, na mwisho wa yote akabaki msichana peke yake chumbani na simu, ndiye mpiga picha, ndiye mpambaji, ndiye mwenye duka, ndiye mlinzi. Anafungua ukurasa wake, wapenzi wa picha wanalipia kila mwezi. Wachache wanapata hela ya kuonekana. Wengi niliowaona mimi kwenye skrini yangu wangepata zaidi kwa kupanga makopo dukani.

Na hata hicho kidogo kina mwenyewe mwingine. Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana hakuna anayewaambia. Mtu analipa kwa kadi, anaangalia picha anazotaka, anazihifadhi. Kisha anaipigia benki yake simu: malipo haya siyajui. Benki inamrudishia. Sisi tunaikata kwa yule msichana, na juu yake tunamtoza ada ya usumbufu. Mabosi wetu waliogopa malalamiko ya benki kuliko kiama, kwa sababu yakizidi, kampuni za kadi zinakufungia na ofisi nzima inakwenda nyumbani. Kwa hiyo tulirudisha haraka. Pesa ya mnunuzi ilirudi, picha za msichana hazikurudi. Nimefanya kazi hiyo siku nyingi sana.

Ukikaa muda mrefu masikio yanajifunza. Mteja anayesema haraka haraka "sijui kabisa malipo haya" anayajua. Asiyejua kweli anaanza kwa kuuliza. Anayesema ni mtoto wake aliyechezea kadi, kabla hujamwuliza, mtoto hana kosa. Ila walipokuja kunihamishia kwenye laini ya wauzaji, yaani laini ya wale wasichana wenyewe, masikio yangu hayakunisaidia. Wanunuzi walikuwa wanapiga kwa hasira. Wauzaji walipiga kwa woga, na woga wa mtu mwingine ukiusikia kutwa nzima unauingiza nyumbani kwako pamoja na viatu. Nilianza kufunga mapazia mchana. Binti yangu Eliza akaniuliza kama tunadaiwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Wengi wenu mnakumbuka darasa la Kiswahili la Jumamosi, chini kule kwenye ukumbi wa kanisa, mlipokuwa wadogo. Mwalimu nilikuwa mimi. Mlikuwa mnaelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza, mkanichosha. Nikasema basi, angalau salamu. Hakuna andazi mpaka uamkie. Na kweli ikawaingia. Mpaka leo mmoja wenu akinikuta dukani, hata kama amevaa masikioni vile vidude vya muziki, mdomo unamtoka wenyewe, "Shikamoo Auntie," ndipo macho yanafuata.

Tusa, aliyeniruhusu mwenyewe niwasimulie haya, alikuwa mmoja wa watoto hao. Mama yake, Mama Tusa, mwenyeji wa Tukuyu, ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii, akanionyesha duka la unga na jinsi ya kuvaa soksi mbili. Tusa alikua, akasoma, akamaliza chuo kikuu, akahamia chumba chake mwenyewe karibu na katikati ya jiji. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita siku ile alipopiga simu.

Kazini nilitumia jina la Diana. Ilikuwa asubuhi, laini imejaa. Msichana akaniambia kwa Kiingereza kizuri cha hapa hapa kwamba pesa zake za mwezi mzima zimetoweka kwenye akaunti. Sauti inamtetemeka, sikumtambua, wote walikuwa wanatetemeka. Nikamwomba jina la ukurasa wake, akanipa, jina la kujitungia. Nikafungua. Mnunuzi mmoja tu ndiye aliyedai arudishiwe malipo yote. Nikamwambia kwa kile Kiingereza changu chenye lafudhi isiyobadilika, "Pole pole, dear, take your time."

Kisha nikasikia, "Shikamoo Auntie."

Na mimi, kabla akili haijafika, "Marahaba mwanangu."

Simu zetu zilikuwa zinarekodiwa. Nilisikia anavuta pumzi, na nilijua sasa ni nani, na yeye alijua. Kila mmoja amemkuta mwenzake uchi, kwa namna ya kusema.

"Auntie, please don't hang up," akasema.

"Sikati," nikamjibu kwa Kiswahili. Kurekodiwa nilikuwa nimeshasahau.

Akaniambia. Huyo mnunuzi alikuwa akimwandikia kwa wiki kadhaa akimwuliza jina lake halisi. Anaishi wapi, anaitwa nani hasa. Tusa alikataa kwa upole, kisha akakataa kwa ukali. Yule bwana akaenda benki akadai pesa zote. Na Tusa, asubuhi ile kabla ya kunipigia, alikuwa ameshabonyeza kile kitufe cha kupinga dai. Mfumo ukamwambia aambatanishe ushahidi kwamba yeye ndiye mwenye ukurasa. Mtoto aliyelelewa na Mama Tusa akiambiwa athibitishe, anathibitisha. Aliweka leseni yake ya udereva, pande zote mbili. Jina kamili, na anwani ya nyumbani kwa mama yake, maana hakuwahi kuibadilisha.

Wanangu, faili la kupinga dai linakwenda benki ya mnunuzi, na benki inaweza kumwonyesha mteja wake ushahidi uliotolewa dhidi yake. Nilikuwa nimeshaona wanaume wanaodai pesa si kwa sababu ya pesa. Wanaichokoza ofisi ili karatasi ije. Yule alikuwa anataka jina, na jina lilikuwa njiani kumfikia. Tena jina lile halikuwa la Tusa peke yake. Mama yake huku kwetu sote haitwi jina jingine. Mtu akiandika Tusa popote, amemwandika Mama Tusa.

Nikamwambia, "Usipigane naye. Iache hiyo pesa."

"Auntie, that's my rent."

"Iache, mwanangu. Nakuomba."

Akalia, akasema sawa. Nikavua hedifoni nikaenda meza ya Papa Jojo, maana yeye ndiye aliyekuwa anayapitisha mafaili kabla hayajaondoka. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna faili moja lina leseni ya mtoto wa nyumbani.

Hakuniuliza mtoto gani. Akafuta mikono kwenye leso, akaanza kutafuta. Akashuka, akapanda, akashuka tena. Mimi naangalia kidole chake tu kwenye kipanya. Aliponiambia "Iko hapa, haijaenda," nilikaa chini pale pale kwenye zulia, mwanamke mzima na sketi yangu ya ofisini. Akalirudisha kwa sababu kwamba halijakamilika, akaifuta ile leseni.

"Ila pesa, mama, hiyo kwisha," akasema.

Alasiri msimamizi akaniita, maana alikuwa amesikiliza rekodi. Alitaka kujua mteja alisema nini pale mwanzo na mimi nikajibu nini. Nikamwambia ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, zamani watu walikuwa wanashika miguu ya wakubwa, siku hizi wanasema tu. Akanitazama sana. "Alikuamkia wewe? Kwa lafudhi tu?" Nikasema ndiyo. Akaandika kwamba mteja alikuwa na adabu ya kipekee, akaniambia nitumie Kiingereza siku nyingine. Nilikwenda chooni nikacheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

Mngedhani hapo nilipumua. Jumapili iliyofuata, kwenye chai, Mama Tusa alinijia amefungua mikono yote miwili. Akanikumbatia mbele za watu. "Dada Foibe, Mungu akubariki. Kumbe ulimshika mkono mwanangu ukanificha! Ameniambia anafanya kazi ofisini kwenu!"

Nyuma yake Tusa amesimama na sahani ya sambusa, ananitazama kwa macho ya kuomba. Ndipo nikajua pesa za ukurasa ule alimwambia mama yake ni mshahara wa ofisini kwetu. Nilisema, "Aa, ni bidii yake mwenyewe." Mama Tusa akaenda kuwatangazia wengine. Tangu siku ile nikahamia kiti cha nyuma, karibu na mlango. Kila mara mtu wa kanisani aliposhika simu yake akatabasamu, nilitaka kujua anatabasamia nini. Kila mwanaume mgeni aliyeingia nilimpima, sauti yake, mikono yake. Tusa alishindwa kodi, akarudi kwa mama yake, na mama akafurahi kwamba binti amekuja kumwangalia uzeeni. Ukurasa akaufunga.

Nikastaafu. Papa Jojo alininunulia keki, juu yake ameandikisha kwa krimu neno moja, Diana. Nikadhani yamekwisha.

Kabla baridi haijaanza, Tusa akaja nyumbani kwangu Lawrence Heights, mchana, hajavua koti. Akaweka simu mezani. Yule mnunuzi aliyerudishiwa pesa alikuwa ameziweka picha zote kwenye mtandao wa bure. Zile zile alizozipata bila kulipa, sasa dunia nzima inazipata bila kulipa, na matangazo yanapita juu na chini yake. Tulipofungua kuhakikisha, idadi ya waliotazama ikapanda kwa mmoja. Ni sisi. Hata kuogopa kwetu kulimwingizia mtu senti.

Lakini hilo silo lililomleta. Kulikuwa na ujumbe aliotumiwa asubuhi ile. Mtu mwingine kabisa, akaunti yake haina jina wala picha ya sura. Aliandika: nimesoma na wewe, nimekutambua, najua mama yako anasali wapi. Tuongee bei.

Tusa alikuwa anaongea haraka. Ana akiba kidogo. Atalipa. Akilipa mara moja labda atanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mgongo wa kiti. Nilitaka kumwambia alipe. Naapa, nilitaka, niliogopa kiasi hicho. Niliogopa kwa ajili yake na kwa ajili ya dada yangu Mama Tusa na kwa ajili ya jina langu pia, maana nalo lingefuata.

Ila miaka yote ile juu ya duka la mazulia ilikuwa imenifundisha jambo moja tu, na nilijifunza kwa kuona watu wakifilisika. Kitu ambacho kila mtu anacho bure, huwezi kumuuzia mtu.

"Huyu anakuuzia nini?" nikamwuliza.

"My name, Auntie. He'll tell Mom."

"Kwa hiyo mteja wake ni wewe peke yako. Na bidhaa yake ni kwamba mama hajui."

Akanitazama. Aliponielewa akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

"Polisi tutakwenda," nikasema, "na hizo picha tutaandika ziondolewe, mimi najua pa kuandika. Lakini ukimlipa leo, umemfungulia duka. Atarudi kila mwezi. Kwanza tunakwenda kwa mama yako, sasa hivi, kabla woga haujatugeuza."

Tulikwenda kwa miguu, si mbali. Alinishika mkono kama alivyonishika akiwa mdogo tukivuka barabara kwenda kwenye ukumbi, na vidole vyake vilikuwa vinaniumiza. Sikumwambia alegeze. Tukapanda lifti. Mama Tusa akafungua mlango, ana kitambaa cha jikoni begani, akafurahi. "Karibuni! Wafanyakazi wa ofisi moja!"

Tusa akasema, "Mama, naomba ukae."

Alisema kwa Kiswahili. Alisema yote kwa Kiswahili, kibovu, kikikatika katika, lakini hakukimbilia Kiingereza hata mara moja. Alisema picha za nini. Alisema kwa nini. Alisema ziko wapi sasa na kwamba kuna mtu anamtisha. Mama yake alikuwa ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili, na kadiri Tusa anavyoongea alikuwa anakikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama yai. Hakulia. Alipomaliza, hakumtazama Tusa. Alinitazama mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanywa chai yangu. Nikakushukuru mbele za watu."

Nikamsogelea hatua moja.

"Toka, Foibe," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, bila dada. "Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikasikia kufuli. Sikwenda popote. Nilisimama pale koridoni, mgongo ukutani, na hofu niliyokuwa nayo wakati ule inashinda zote nilizowasimulia. Nilikuwa nasubiri mlango ufunguliwe mara ya pili na Tusa atolewe na koti lake. Nilisikia Mama Tusa anapaza sauti, sikushika maneno. Nilisikia kitu kinaanguka, labda kiti. Nikasikia mtu analia, kisha wawili. Jirani alipita na mifuko yake akaniuliza kama nimepotea, nikatikisa kichwa. Taa za koridoni zilikuwa zinazima zenyewe kila nikisimama bila kujitikisa, nami nainua mkono ziwake tena, nautazama ule mlango.

Haukufunguliwa.